Vijana wetu na masashe: maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Nimeombwa niseme juu ya vijana na mazingira. Nasikia mara nyingi, hata humu ndani ya shirika, kwamba vijana waliorudi hawajali kitu: wananunua, wanakula, wanatupa. Miye nafanya kazi nao kila juma, na sikubali.

Wengi wamekulia Nyarugusu. Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nao wakajifunza kubeba kikapu. Kuni kule zilikuwa na hesabu, hakuna aliyechezea kipande.

Kwetu pia kuna dekrè ya mwisho wa mwaka 2017 inayokataza masashe. Lakini nendeni sokoni muone! Chumvi, sukari, mafuta ya mawese, sabuni ya unga, kila kitu ndani ya kasashe kadogo. Mvua ikinyesha, masashe yanaziba mitaro, mengine yanashuka ziwani tunakovua ndakala.

Siyo ujinga. Kijana anayebeba mizigo anapata feza ya siku, basi ananunua ya siku. Kasashe ka mafuta kanamtosha leo. Lakini mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko yule aliyenunua bidoni nzima ya litre 20, na masashe yake yote yako njiani. Makala ni hivyo hivyo: anayenunua kirundo kwa kirundo anamaliza bei ya gunia bila kuliona gunia.

Sasa, ndugu wafadhili, mniwie radhi. Fulana zenye maandishi ya mazingira tunazo za kutosha. Zingine zimekwisha kuwa vitambaa vya kupangusia pikipiki. Vijana wanaomba mtaji wa bidoni chache za mawese, magunia ya makala, mizani na vipimo. Mwanachama anakuja na chupa yake, anapimiwa hata kidogo, kwa bei ya jumla. Faida kidogo itakayobaki inaingia katika sanduku letu la kusaidiana. Daftari itashikwa na wasichana wawili pamoja na mama mmoja anayeaminiwa, juu wazee wamekwisha kuniuliza nani atashika feza, na wana haki ya kuuliza.

Chumba kipo nyuma ya ofisi. Kinakosa mlango na kufuli.