Bei za Hospitali Marekani: Mwajiri Aanze Kuhesabu Kutoka Wapi?

Waajiri wengi wakubwa wa Marekani hawanunui bima kamili ya afya. Hulipa matibabu ya wafanyakazi kutoka mfuko wao wenyewe, na kampuni ya bima huachiwa kazi ya kupatana bei na hospitali na kushughulikia madai. Hata hivyo, kwa miaka mingi mlipaji huyo hakuonyeshwa bei zilizopatanwa kwa niaba yake, kwa kuwa mikataba ilikuwa siri. Ndiyo sababu hatua ya waajiri wa jimbo la Indiana kuipatia taasisi ya utafiti ya RAND takwimu za malipo yao ilikuwa na uzito mkubwa. Ripoti ya RAND ya 2024 inaonyesha kwamba mwaka 2022 waajiri na bima binafsi walilipa hospitali wastani wa asilimia 254 ya malipo ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa huduma zilezile. Panapolipwa dola 1,000 na Medicare, mwajiri hutoa 2,540. Mzigo huo humwangukia mfanyakazi, kwa maana hata mchango wa mwajiri ni mshahara ambao hakupewa.

Hoja yangu ni kwamba kutangaza bei, jambo ambalo hospitali zimelazimishwa kulifanya tangu Januari 2021, hakutoshi mpaka mwajiri abadili msingi wa mapatano. Kawaida mapatano huanzia kwenye orodha ya bei iliyopangwa na hospitali yenyewe, kisha punguzo likasifiwa. Lakini nusu ya bei iliyopandishwa mara sita bado ni mara tatu. Marilyn Bartlett, aliyesimamia bima ya watumishi wa jimbo la Montana, alianzia chini: alichukua malipo ya Medicare, akaongeza asilimia juu yake. Hospitali kubwa za jimbo zilikubali, kwa wastani wa asilimia 234. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Medicare, hakuna aliyeonewa.

Hospitali hujibu kwamba Medicare hulipa kidogo, hivyo pengo lazima lizibwe na waajiri. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilipitia ushahidi mwaka 2022, na haikuona kuwa hospitali zenye wagonjwa wengi wa bima za serikali ndizo zinazowatoza wengine zaidi. Nguvu ya hospitali sokoni ndiyo inayoeleza tofauti za bei. Hospitali ndogo ya kijijini inaweza kuongezewa asilimia, ila kwa uwazi. Pingamizi zito zaidi, dhidi ya kutangaza bei kwenyewe, latoka Denmark: miaka ya 1990 serikali ilitangaza bei za zege, na wauzaji, baada ya kuona bei za wenzao, wakapandisha zao. Nalikubali. Bei iliyotangazwa humsaidia mnunuzi mwenye uwezo wa kukataa, na katika mji wenye hospitali moja mwajiri mmoja hana uwezo huo. Huko waajiri waungane, pamoja na serikali ya jimbo na wilaya za shule, wapatane kama mnunuzi mmoja. Na waanze kwa kudai takwimu za madai yao wenyewe, kwani sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2020 imepiga marufuku vifungu vya mikataba vilivyokuwa vikizificha.