Daftari la Uzazi: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama, Tabora



Tulipopewa heshima ya kusema mbele yenu jioni ya leo, rafiki mmoja alituuliza, "Makarani mna habari gani ya uzazi? Hayo si mambo ya wakunga na madaktari?" Jibu letu ni hili: mkunga humpokea mtoto, lakini karani huipokea hesabu; na hesabu ikipotoka, mkunga aweza kufanya kazi mwaka mzima asijue ni wapi palipoharibika. Ndiyo sababu tumelichagua jambo hili, yaani jinsi ya kuupima ubora wa matunzo wanayopata wanawake waja wazito na wale waliokwisha kujifungua.

Sote twaijua njia ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji. Mwenye mali alizihesabu pembe zilizofika pwani. Mpagazi aliyeanguka porini mara nyingi hakuandikwa popote. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, misafara ikakoma. Lakini desturi ile ya kuhesabu kilichofika na kusahau kilichoanguka njiani haijakoma, nasi tumeiona kwa macho yetu.

Tutatoa mfano mmoja wa kazini, wala hatutataja mahali. Mwisho wa mwezi tulikuwa tukijumlisha hesabu za uzazi. Katika daftari la zahanati moja palikuwa na jina la mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na mwisho wa mstari wake pameandikwa, "Amepelekwa hospitali." Siku kadhaa baadaye, kwa jambo jingine kabisa, tulilifungua daftari la hospitali, wala jina lake halikuwamo. Tukauliza. Tukaambiwa ya kwamba alifariki njiani, wakati wa masika, gari likiwa limekwama. Zahanati haikuandika kifo, kwa kuwa aliondoka akiwa hai. Hospitali haikuandika kifo, kwa kuwa hakufika. Kila daftari lilikuwa sahihi peke yake, na yote mawili yalisema, "Vifo: hakuna." Twakiri mbele yenu ya kwamba hesabu ile tulikuwa tumekwisha kuitia muhuri na kuipeleka. Barua ya kuisahihisha tuliiandika, lakini jambo lile halijatutoka moyoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, sembuse roho ya mtu?

Sasa twaomba mtufuate mpaka mwisho wa njia ile ile, Kigoma. Katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma Dr. Godfrey Mbaruku na wenzake waliyachunguza madaftari ya miaka 1984 hata 1986, wakaona ya kwamba mambo mengi mno hayakuandikwa. Kisha, tangu mwaka 1987 hata 1991, wakafuata mpango wa mambo 22. Wafanyakazi walikutana mara kwa mara kuchunguza kazi yao wenyewe. Vyombo vilitengenezwa kwa zamu zilizopangwa. Damu ya kuwaongezea wagonjwa ilitafutwa. Umbali wa nyumba za wafanyakazi wa lazima kutoka hospitali uliangaliwa. Na malalamiko ya watu yalisikilizwa. Vifo vya wazazi, vilivyokuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, vilipungua hata 186. Mpango ule ulitegemea zaidi vitu vilivyokuwapo pale pale. Mabadiliko yalianza kwa kusoma daftari na kukubali ya kwamba halikusema kweli yote.

Huenda mtu akauliza, basi tupime nini? Mwaka 1966 Dr. Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, aliyagawa mambo haya katika mafungu matatu, nayo ni mepesi kushika. La kwanza ni vilivyopo: je, pana mkunga, maji, taa, dawa na damu? La pili ni yanayotendwa: je, mama alipimwa presha? Alichomwa sindano ya kuzuia damu mara mtoto alipozaliwa? Aliangaliwa tena kabla ya kurudi nyumbani? La tatu ni yanayotokea: mama yu hai? Mtoto yu hai? Anayepima fungu moja tu atadanganyika. Kabati laweza kujaa dawa asipewe mtu. Na mama aweza kupona kwa rehema ya Mungu, ijapokuwa hakutunzwa vema.

Twasema haya kwa sababu hesabu ipendwayo sana katika taarifa zetu ni ile ya waliokuja. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015-16 ulionyesha ya kwamba kati ya watoto 100, 63 walizaliwa katika vituo vya matibabu; ule wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Na makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hata 104 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ni jambo la kushukuru sana. Walakini kadiri wanavyozidi kuja, ndivyo wajibu wetu unavyozidi, kwani hesabu ya waliopita mlangoni si hesabu ya waliotunzwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango 8 mwaka 2016 kwa ajili ya kazi hii. Cha pili chahusu uandishi wa habari za mgonjwa, na cha tatu chahusu kumpeleka mgonjwa mbele bila kukawia. Mama yule wa masika aliangukia katikati ya hivyo viwili. Vingine vyataka mama aelezwe mambo yake, aheshimiwe, na atiwe moyo.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya Chama.

Kwanza, mama akipelekwa kutoka kituo kimoja hata kingine, mstari wake usifungwe mpaka jibu lirudi: amefika au hakufika, yu hai au amefariki.

Pili, kifo kiandikwe bila hofu. Mkubwa akiletewa habari yake, aulize kwanza, "Kilipungua nini?" kabla ya kuuliza, "Nani alikosa?" Na mahali ambapo vifo vyaonekana kuongezeka kwa kuwa uandishi umetengenea, watu wa hapo wasikaripiwe. Wakikaripiwa mara moja, hawataandika tena.

Tatu, mama mwenyewe aulizwe: alisemeshwa kwa adabu au alifokewa? Alielezwa alichotendewa? Wala asiulizwe na yule aliyemhudumia, maana hatasema kweli mbele yake.

Mabibi na Mabwana, sisi hatushiki mkasi wala sindano. Tumepewa kalamu. Lakini kalamu iandikayo "hakuna" mahali palipo na kaburi humnyima mkunga nafasi ya kujifunza, na humnyima mama ajaye nafasi ya kuishi. Mwezi huu unapokwisha, kila mmoja wetu na afungue daftari lake, atafute mistari iliyoandikwa "Amepelekwa," aifuate mpaka aujue mwisho wake.