Kabla ya Kuchukua Jembe: Kupima Kijiji Kama Kitatulisha

Maneno yaliyosemwa na afisa wa uwanja mbele ya familia zilizohama, familia zilizozipokea na viongozi wa mitaa, Butembo.



Kila msimu wa kupanda unapokaribia, Septemba na tena kuelekea Machi, swali moja linarudi: twende tukalime, au tungojee bado? Mashirika yakija kupima eneo huanza kuuliza kama udongo ni mzuri. Ndugu zangu, hapa kwetu swali hilo lisitupotezee siku. Udongo ni mzuri. Chini, upande wa Oicha na Mbau, kuna mihogo, mpunga, ndizi, michikichi na kakao. Juu, katika milima ya Lubero na usultani wa Bashu, kuna maharagi, viazi na vitunguu. Jambo la kupima ni lingine: mtu anaweza kwenda shambani asubuhi na kurudi jioni akiwa hai? Na siku njia ikifungwa, nyumba itakula nini?

Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka mji wa Beni mnamo Oktoba 2014, watu wengi wameuawa wakiwa na jembe mkononi. Mwaka 2024 balaa hiyo ilifika mpaka vijiji vya Lubero upande wa Manguredjipa, na Septemba 2025, huko Ntoyo, waliuawa watu waliokuwa kwenye kilio. Kwa hiyo kijiji kilichoandikwa kuwa ni salama mwaka jana kipimwe upya mwaka huu. Kipimwe kwa mguu, si kwa gari. Kutoka nyumba hadi shamba ni dakika ngapi? Kuna nyumba nyingine njiani, au ni pori tupu? Tusimwulize chifu peke yake. Tuwaulize wamama wanaokwenda kuchuma sombe na vijana wanaosukuma chukudu, maana wao ndio wanajua njia gani watu wameacha kupita, na tangu lini. Njia iliyoota majani inasema kitu kabla hata askari hajasema.

Sasa nizungumze juu ya kakao, ingawa najua wengine hawatapenda. Bei yake duniani ilipanda sana mwaka 2024, na baba mwenye mikakao huko nyuma Ruwenzori au Beni-Mbau anaona pesa za shule ya watoto zinaozea mtini, au zinavunwa na mwingine. Simhukumu anayerudi kuivuna. Lakini tusiandike kwenye karatasi kwamba kijiji kinajitegemea kwa sababu kina kakao. Kakao hailiwi. Mche mpya unakaa miaka 3 hadi 5 kabla ya kuzaa, na siku barabara ikifungwa, gunia la kakao ndani ya nyumba halipiki kitu.

Chakula cha mtu anayeweza kukimbia tena kinahesabiwa kwa majuma na miezi. Lengalenga inachumwa baada ya majuma 4 hadi 6. Maharagi yanataka kama miezi 3, viazi vitamu miezi 4 au 5. Muhogo unachelewa, unaweza kufika mwaka na zaidi, lakini una faida moja kubwa: unangoja ardhini, na anayepita kuiba haubebi wote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo cha haraka kiwe karibu na mlango, hata kama ni mistari miwili ya mboga kwenye kiwanja cha aliyekupokea, na muhogo uende mbali kidogo. Mnapochukua vijiti vya kupanda, angalieni majani ya shina: yakiwa na mabaka ya manjano na kujikunja, huo ni ugonjwa, acheni.

Halafu kuna udongo wa mwenyewe. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kushinda hata chakula cha msaada. Familia iliyohama inapewa kichaka, inafyeka, inalima, mavuno yanaonekana mazuri, na mwenye shamba anataka kurudishiwa. Au muhako umelipwa kwa mtu mmoja, halafu ndugu yake anakuja kudai wa pili. Tuandike mapatano, hata kwenye karatasi ya daftari: mipaka, misimu mingapi, kinacholipwa, kwamba miti ya kudumu haipandwi bila ruhusa, majina ya mashahidi wa pande mbili na mkuu wa mtaa. Na tuandike jambo ambalo watu wanalisahau: mpangaji akikimbia tena kabla ya mavuno, nani atavuna, na atamwekea kiasi gani?

Maji. Kipimo cha mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu 7 inahitaji lita 105, yaani bidoni 5 za lita 20 na kidogo. Ikipokea familia nyingine ya watu 7, ni zaidi ya bidoni 10, na chemchemi ni ile ile. Viongozi wahesabu bidoni kabla ya kusema mtaa bado una nafasi, tena wahesabu nyumba zilizopokea pamoja na waliopokelewa. Mwenye nyumba aliyegawa ugali wake miezi 8 naye amekuwa maskini.

Na siku ya kukimbia? Kadi ya uchaguzi, kadi za chanjo na karatasi za shule zikae pamoja katika mfuko mmoja wa plastiki unaojulikana na kila mtu nyumbani. Mbegu za maharagi zigawanywe mara mbili, nusu ikae kwa ndugu mjini. Kila mtoto ajue majina kamili ya wazazi wake na mahali pa kukutana. Filimbi na sufuria zinapigwa usiku, lakini lazima mtaa ukubaliane mlio gani ni wa hatari na nani anahakikisha habari kwa simu kwanza, maana uvumi nao umewakanyagisha watoto. Na kwa kila mzee asiyeweza kutembea, liandikwe jina la kijana na chukudu chake. Kusema “tutasaidiana” tu, usiku ule haitoshi.

Sasa tuingie katika vikundi. Wamama wachore kwanza, chini kwenye vumbi, mashamba, chemchemi na njia wanazopita. Wababa na wakuu watangoja, kisha watakuja kuangalia na kuuliza.