Uzee Hauna Dawa, Vijiwe Vina Dawa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona halistahili mimbari. Nataka kuzungumza juu ya nyongo. Wala si nyongo ya chuki, ambayo tumeisema Ijumaa nyingi, bali nyongo yenyewe, yale maji machungu ya rangi ya kijani yatengenezwayo na ini. Lugha yetu imeionea sana nyongo. Jambo likiharibika twasema limetumbukia nyongo. Adui aliye karibu nasi twamwita nyongo mkalia ini. Na mtu tukitaka kumsifu kwa wema twasema hana nyongo. Basi mimi tangu mwaka jana naweza kudai sifa hiyo kwa cheti cha daktari, kwani kifuko changu cha nyongo kimetolewa, na mawe yake ninayo.

Tabasamuni, lakini msizungumze, khutba inaendelea.

Baraza yetu ya kahawa iko hatua chache kutoka Mtaa wa Swahili. Hukaa hapo baada ya swala ya Alasiri wazee saba au wanane, na wengi wetu tulikula jasho letu katika soko la Kariakoo. Lile jengo kubwa lilipofunguliwa mwaka 1975 tulikuwa vijana wenye mabega. Magunia ya viazi na nazi yalipita juu ya migongo yetu. Lilipoungua Julai 2021 tulikaa barazani kama watu waliofiwa. Nanyi wanafunzi bila shaka mmefundishwa kwamba hata jina la mtaa huu latokana na wapagazi, wale Carrier Corps wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao waliuawa na maradhi wengi zaidi kuliko waliouawa na risasi.

Katika baraza hiyo alikuwapo rafiki yangu mmoja, Mungu amrehemu, mcheshi kupita sote. Hakupatwa na maradhi asiyapatie jina. Magoti yake yaliyokuwa yakilia alfajiri aliyaita muadhini. Meno yake yalipong'oka alisema wapangaji wamehama bila kulipa kodi. Alipoanza kuamka mara nne usiku kwenda msalani alitutangazia kwamba ameandikishwa sungusungu, na zamu zote za usiku ni zake. Mtu aliyekwenda kwake kumjulia hali alirudi nyumbani mbavu zinamuuma kwa kicheko.

Kisha akaanza kuumwa chini ya mbavu za kulia. Maumivu yalimjia usiku, saa moja au mbili baada ya pilau ya harusi au sambusa za futari, yakapanda mpaka begani, yakakaa, yakaondoka. Akaenda kupimwa, akapigwa picha ya altrasaundi, akaambiwa kuwa kifuko chake cha nyongo kina vijiwe, na kwamba arudi kwa tarehe fulani apangiwe upasuaji. Jioni ile alitueleza habari zote. "Jamani," akasema, "sisi ni wajukuu wa wapagazi. Mola ameona begani sibebi tena, kanitwisha tumboni." Mwingine akamjibu kwamba kumbe machimbo ya kokoto yamehama Kunduchi, na kwamba sasa kile kiwanja chake cha Mbagala kitajengwa, maana mawe anayo. Tukacheka mpaka muuza kahawa akaweka dele chini.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: Umeambiwa urudi tarehe ngapi?

Miezi ikapita. Tulipomwuliza hali, alijibu, "Ni uzee tu." Siku moja ya mwezi wa Februari, jua la Dar es Salaam likiyeyusha lami, alikuja barazani amevaa koti na anatetemeka. Macho yake yalikuwa ya manjano. Mtu mmoja akamwambia, "Naona leo umeoga bizari." Tukacheka, naye akacheka pamoja nasi. Aliyesema maneno yale ni mimi.

Usiku ule mjukuu wake alimkimbiza hospitali. Kijiwe kimoja kilikuwa kimetoka kifukoni kikauziba mfereji wa nyongo, na sumu ya ugonjwa ilikwisha ingia katika damu. Madaktari walifanya waliloweza. Alifariki siku ya tatu, tukamzika Kisutu. Katika mfuko wa koti lile mjukuu wake akakuta karatasi ya kurudi hospitali, imekunjwa vizuri, tarehe yake imepita kwa miezi mitano.

Ajali ya kila mtu imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, nami sisemi kwamba karatasi ingeizuia siku yake. Lakini kadari si ruhusa ya kuzembea, na mimi nitaulizwa juu ya ulimi wangu.

Sasa je, nisimame hapa niwakataze wazee kucheka na maradhi yao? La hasha. Mtume wetu (S.A.W.) alifanya mzaha, wala hakusema katika mzaha wake ila kweli. Imesimuliwa kwamba bibi kizee mmoja alimwomba amwombee Pepo, akamwambia kuwa vikongwe hawaingii Peponi. Yule bibi akageuka analia. Mtume akaagiza aelezwe kwamba hataingia akiwa kikongwe, kwani Mwenyezi Mungu atamwumba upya akiwa kijana. Na Suhayb Ar-Rumi alikuwa akila tende mbele ya Mtume ilhali jicho lake linauma. Alipoulizwa vipi anakula tende na jicho bovu, alijibu kwamba anatafunia upande wa pili. Mtume akatabasamu. Mimi nayapenda sana majibu ya Suhayb. Hakuficha jicho lake. Mzaha wake ulikuwa juu ya jicho ambalo kila mtu alikwisha liona na kuliulizia.

Yuko na sahaba mwingine, Imran bin Huswayn, ambaye alikuwa na bawasiri. Nawaombeni mfikiri kidogo: bawasiri, ugonjwa ambao mtu wa Kariakoo hata mkewe hamwambii. Imran alikwenda nayo kwa Mtume, akauliza vipi ataswali. Akajibiwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Viti hivi mnavyoviona leo nyuma ya safu, wanavyokalia wazee wetu wenye magoti mabovu, vimepata ruhusa yake kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kuutaja ugonjwa wa makalio. Lau angenyamaza, au angesema ni uzee tu!

Neno hilo, "ni uzee tu," ndilo lililonileta leo kwenye mimbari. Mabedui walimwuliza Mtume kama watumie dawa. Akawaambia watumie, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Angalieni jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa. Nabii Zakaria alipomlalamikia Mola wake kuwa mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, ule ulikuwa uzee. Huo ucheke upendavyo, maana hauna duka unakouzwa dawa yake. Lakini mkojo unaokatika-katika huenda ukawa tezi dume. Jicho linaloona ukungu huenda likawa na mtoto wa jicho, na huyo hutolewa. Maumivu ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta huenda yakawa vijiwe. Haya yote tunayatupa katika kapu moja, tukaliandika jina "uzee", tukakaa juu yake tukinywa kahawa. (Tangu nianze kusema wametoka wazee watatu kwenda msalani, wala sidhani kuwa ni khutba iliyowachosha. Watakaporudi, walio jirani nao wawaeleze niliyosema juu ya tezi.)

Nikieleze kifuko chenyewe, kwa faida ya wanafunzi. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku. Kifuko kilicho chini yake huihifadhi, na tulapo mafuta hujikamua na kuimwaga kwenye utumbo, ili mafuta yale yasagike. Nyongo ikizidi mafuta yake yenyewe huganda polepole ikawa vijiwe, vingine kama punje za mchele, vingine kama kunazi. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na umri unavyopanda ndivyo hatari inavyozidi. Lakini vijana wasijione wameokoka: mwenye selimundu huweza kupata vijiwe vyeusi angali mwanafunzi, kwa sababu chembe za damu yake huvunjika upesi, na masalio yake huishia kwenye nyongo.

Watu wengi wana vijiwe na hawana habari navyo mpaka wafe kwa jambo jingine. Hao aghalabu daktari huwaacha. Lakini maumivu yakishaanza kurudi-rudi, vijiwe vimekwisha bisha hodi. Na yakija pamoja na homa, kutetemeka, au macho kuwa ya manjano, usingoje asubuhi, usingoje mtoto atoke dukani, wala usimngoje mshenga wa bizari kama mimi.

Miaka miwili baada ya mazishi yale, maumivu yakanijia mimi. Nawaambieni kweli, mbele ya nyumba hii tukufu: usiku wa kwanza nilisema ni gesi. Usiku wa pili nikasema ni uzee tu. Kisha nikanunua kwa mchuuzi mmoja chupa ya mafuta ya zeituni yaliyotiwa ndimu, iliyosemekana huyeyusha mawe. Nikanywa, na asubuhi nikaona vidonge laini vya kijani vimetoka. Nikamshukuru Mungu na kumwita mke wangu ashuhudie. Daktari aliponisikia alicheka kwa adabu. Akaniambia kwamba vidonge vya namna hiyo vilikwisha chunguzwa na wataalamu, ikaonekana ni sabuni, iliyofanyika tumboni kwa yale mafuta na ndimu. Yaani nilinunua sabuni kwa bei ya dawa, tena nikaitengeneza mwenyewe. Zeituni ni mti wenye baraka, siukosoi. Lakini mawe yangu yote yalikuwa palepale kwenye picha.

Kifuko kilitolewa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882 na daktari Carl Langenbuch. Kwa miaka mia na zaidi tumbo lilipasuliwa kwa mkato mrefu. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, akakitoa kwa kupitisha vyombo vyembamba katika matundu madogo. Mimi nilipata matundu manne. Nyongo yangu sasa hushuka moja kwa moja kutoka kwenye ini, na ninakula, ila pilau naigawa sahani mbili kwa siku mbili. Mke wangu asema hilo peke yake lilistahili upasuaji.

Wako wanaosema: wewe khatibu una watu wa kukuchangia, sisi je? Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo amewekewa utaratibu wa msamaha wa matibabu katika hospitali za serikali. Aanzie ofisi ya serikali ya mtaa wake apate kutambuliwa, na afikapo hospitali aulizie dirisha la wazee. Mwenye kijana anayejua kusoma na kusimama foleni amtume. Vijana, hii ni sadaka nyepesi kuliko mnavyodhani. Wala msimcheke mzee kabla yeye hajacheka. Mwacheni aanze yeye mwenyewe, nanyi mfuate nyuma kama maamuma. Akisha kucheka, mwulizeni alipoiweka karatasi yake.

Nanyi mama zetu, mnaopika futari ya watu kumi mkiwa mmeshika ubavu kwa mkono wa kushoto. Watoto wamekwisha kuona huo mkono. Wanangoja mseme.

Jioni ya kwanza niliyorudi barazani niliwaeleza wenzangu kila kitu, pamoja na sabuni. Walicheka, na mmoja akauliza kama nimebakiwa na kipande cha kufulia kanzu. Kicheko kilipotulia, mzee mmoja ambaye hupenda kukaa kimya akasema taratibu kwamba yeye naye huumwa upande huohuo, tangu mwezi wa Shaaban. Hatukumtania. Asubuhi yake tulikwenda naye watu watatu, na muuza kahawa akafunga kazi akawa wa nne.

Daktari alinipa vijiwe vyangu katika kichupa cha dawa. Viko saba, vya rangi ya kahawia, na nimekuja navyo leo katika mfuko wa kanzu. Baada ya swala nitakuwa pale mlangoni, upande wa kuvulia viatu. Anayetaka kuviona aje avione. Na mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni aje nayo, miwani ninayo, tutaisoma tarehe pamoja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.