Usimwogope Mwalimu wa Biolojia
Hotuba kwa vijana na wazazi, maadhimisho ya ushirika wetu, Kampala

 

 Mimi ni mwinjilisti, nina cheti cha chuo cha Biblia, sikusomea sayansi. Lakini kila semina ya vijana swali ni lile lile: "Mwinjilisti, shuleni tunafundishwa evolusheni, kwamba viumbe vimebadilika polepole kwa mamilioni ya miaka. Nikiandika hivyo kwenye mtihani, nimemkana Mungu?"

Ndugu zangu, swali hili si la mchezo. Kuna kijana anaingia Makerere ameokoka, anaomba, anaimba kwaya. Sisi nyumbani tumemwambia achague: Biblia au kitabu cha biolojia. Akifika maabara akaona mambo kwa macho yake, anafikiri hana tena nafasi kanisani. Hagombani na mtu. Jumapili moja haji, ya pili haji, basi. Huyo ndiye ninayemsemea leo.

Wenzetu wa Kenya walishapita hapa. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, aliokota kipande cha fuvu pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba wakapata karibu mifupa yote ya kijana mmoja, anayekadiriwa kuishi miaka milioni 1.5 iliyopita. Makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, mwaka 2006, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga mifupa hiyo kuwekwa mbele ya watu kama ushahidi kwamba mwanadamu alitokana na viumbe vya kale. Walikuwa wanalinda imani ya watoto, na nia hiyo naiheshimu. Lakini makumbusho yalifunguliwa, mifupa ikawekwa, na watoto wetu wanaiona.

Hata hapa Uganda tunayo yetu. Mwaka 2011 kule Napak, Karamoja, watafiti walipata fuvu la nyani mkubwa wa miaka kama milioni 20. Sasa tufanyeje, tuifukie tena? Udongo wa Karamoja ni wa nani? Zaburi ya 24 inatuambia dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Basi hata mifupa iliyomo ni yake.

Hebu niwape mfano ulio karibu zaidi, tena upo ndani ya damu yetu. Mnaijua sikoseli, selimundu. Mtoto akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, anaugua. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui, na malaria kali inamshinda kwa shida. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi huku kwetu, ndiye aliyeonyesha jambo hili. Palipo na mbu wengi, wenye kasoro hiyo kwa upande mmoja walipona utotoni, wakakua, wakazaa, nayo ikaenea. Ndiyo maana Bundibugyo ni wengi na Kigezi kwenye baridi ni wachache. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wanaibeba. Wanasayansi wanapotaja evolusheni, jambo la namna hiyo ni sehemu yake: anayeweza kuishi mahali fulani anazaa, na kizazi kinabadilika kidogo kidogo.

Je, hilo linamwondoa Mungu? Someni Zaburi 139. Daudi anasema Mungu ndiye aliyemfuma tumboni mwa mama yake. Lakini mama akienda kliniki anaonyeshwa mtoto anavyokua wiki kwa wiki, chembe moja ikigawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne. Kuna mama hapa aliyetoka kupigwa picha ya tumbo akasema, "Kumbe Mungu hakuniumbia mtoto"? Hakuna! Anatoka akishukuru. Kama Bwana hufanya kazi miezi tisa kwa njia tunayoweza kuieleza, nani atamkataza kufanya kazi miaka milioni? Hata Mwanzo 1 inasema aliiamuru ardhi itoe viumbe hai. Ardhi ilitoa, na aliyeumba ni yeye.

Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa nchi tunayoiita leo Algeria, alionya miaka 1,600 iliyopita. Alisema Mkristo akiropoka kuhusu nyota na wanyama kwa jina la Maandiko, asiyeamini anayeyajua mambo hayo atamcheka. Tukishachekwa kwa hilo, atatuaminije tukimhubiria ufufuo?

Na mjue tofauti. Mtu akisema, "Viumbe vimebadilika, kwa hiyo hakuna Mungu," hayo ya mwisho hakuyaona kwenye darubini. Hiyo ni imani yake. Francis Collins wa Marekani aliongoza mradi wa kusoma vinasaba vya mwanadamu uliokamilika mwaka 2003. Anakubali evolusheni, naye ni mtu aliyempokea Yesu akiwa daktari kijana.

Najua kuna ndugu hapa wanaamini siku sita ni za saa 24. Wengine wanasema ni vipindi virefu. Wengine wanasema Mungu aliumba kwa njia ya mabadiliko hayo. Kuhusu Adamu, mazungumzo ni magumu, sitawadanganya. Mimi nashika haya: Mungu ndiye Muumba, mwanadamu ana sura yake, mwanadamu alimwasi, na Kristo alikufa akafufuka kwa ajili yetu. Kwa hayo sirudi nyuma. Hesabu ya miaka isitutenganishe mezani pa Bwana.

Wachungaji, kijana akileta swali, msimkemee kama ana pepo. Keti naye. Wachumba, kabla ya harusi nendeni mkapime sikoseli, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa asiambiwe ni laana. Tumwombee na tumsindikize kliniki Mulago. Nanyi vijana, someni hiyo biolojia, mfaulu! Tunahitaji madaktari na watafiti wanaopiga magoti.

Bwana awabariki, awarudishe salama kuvuka mipaka yote. Amina.