MGOMO WA BANDARI YA MOMBASA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi)



Tarehe 13 Januari 1947, bandari ya Mombasa ilinyamaza. Wapakizi hawakugusa mizigo. Watu wa reli na watumishi wa hoteli wakawafuata. Watu kama 15,000 waliacha kazi. Kila siku walikusanyika mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Walitaka nini? Mshahara wa kutosha, malipo sawa kwa kazi sawa, posho ya bibi na watoto, na heshima.

Wakubwa wa serikali ya Kiingereza walitangaza kwamba mgomo ule si halali. Lakini tangazo halipakui meli. Ndipo alipokuja Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Sheria la Kenya, akawaomba warudi kazini ili madai yao yachunguzwe. Baada ya siku 12 walirudi. Baraza la Jaji Thacker likachunguza, na malipo yakaongezwa.

Angalieni vizuri, wandugu. Kilio cha miaka hakikusikiwa. Meli ziliposimama, masikio yalifunguka.

Lakini mkono mmoja ulitoa, wa pili ukanyang'anya. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, serikali ilimkamata Chege Kibachia, mkubwa wa chama cha wafanyakazi, ikampeleka Kabarnet, mbali sana na bahari. Chama kikalegea. Wakubwa walijua: mshahara ukiongezwa leo, bei ya unga itaumeza kesho, lakini chama chenye nguvu kitarudi tena kudai.

Kwetu Kongo, Bula Matari hakuanza na baraza. Desemba 1941, wachimbaji wa Union Minière walipogoma huko Elisabethville, askari walipiga risasi. Novemba 1945, wapakizi wa Matadi walipogoma, waliletewa askari vilevile. Mwingereza alitumia karatasi, Mbelgiji alitumia bunduki. Wote wawili waliogopa kitu kimoja: wafanyakazi wanaosema kwa sauti moja.

Basi, fundisho ni hili. Mkipewa nyongeza, pokeeni, ni jasho lenu. Lakini msiivunje sendika siku ya kupokea. Na msiweke sendika yote katika kichwa cha mtu mmoja. Kila kambi iwe na wajumbe wake, kila mjumbe awe na wa kumfuata, na hesabu ya michango ijulikane kwa wengi. Hapo, mmoja akichukuliwa usiku, asubuhi kazi ya chama itaendelea.