Cheti cha Kwanza na Mlango wa Chuo Kikuu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi)





Liko swali ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za Uganda kila yatokapo matokeo ya mitihani. Je, alama alizozipata kijana katika mtihani wa mwaka wa nne wa sekondari zina uzito gani siku atakapobisha hodi katika chuo kikuu ambacho waombaji ni wengi na nafasi ni chache? Wako wasemao kuwa cheti hicho cha kwanza, yaani UCE, ni karatasi ya kupitia tu, na kwamba kazi yenyewe ni mtihani wa mwaka wa sita, UACE. Wako na wengine wasemao kwamba aliyejikwaa mwaka wa nne amekwisha, na heri atafutiwe kazi ya duka. Kauli zote mbili zina kasoro. Ya kwanza humlaza kijana usingizi, na ya pili humkatisha tamaa. Inafaa basi jambo hili lipimwe kwa hesabu, wala si kwa uvumi.

Kabla ya hesabu, ni vema kukumbuka jinsi mlango huu ulivyokuwa zamani. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 ikiwa skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1949 ilipata daraja ya chuo kishirika cha Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake. Katika miaka ya ukoloni vijana wa sekondari walifanya mtihani wa Cambridge, na majibu yao yakasafirishwa ng'ambo kusahihishwa. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1983 ikawekwa sheria ya Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ambalo ndilo litoalo vyeti hivi viwili.

Skuli kubwa za sekondari za wakati ule zilikuwa mikononi mwa misheni. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, na Budo mwaka 1906. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabadilishwa dini, na khofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa: asiyeingia sekondari hakupata cheti, na asiye na cheti hakuuona mlango wa Makerere. Ndipo wakasimama watu kama Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyefariki mwaka 1991, ambaye alitoa ardhi ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na skuli, akawa kiongozi wa chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda. Na mwaka 1988 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale. Skuli zimepatikana, na madaraja ya kukalia yamo. Lililobaki ni kuyajua masharti ya mlango na kujiandaa mapema.

Sharti la kwanza ni hili. Atakaye kuingia chuo kikuu cha Uganda kwa njia ya kawaida hutakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua matano katika UCE, na masomo makuu yasiyopungua mawili katika UACE yaliyofanywa katika mtihani mmoja. Ikiwa cheti cha kwanza kina upungufu, cha pili hakiwezi kuuziba, hata kiwe kizuri namna gani. Hapo anayesema kuwa UCE ni karatasi ya kupitia tu amekwisha kupata jibu lake.

Sharti la pili ni uzito wa alama, na hapa yataka utulivu kidogo. Katika UACE, alama A huhesabiwa 6, B huhesabiwa 5, C ni 4, D ni 3, na E ni 2. Kisha kila somo huzidishwa kwa kadiri ya umuhimu wake katika kozi inayoombwa. Masomo mawili yaliyo ya lazima huzidishwa mara 3, somo linalohusiana huzidishwa mara 2, na masomo ya nyongeza huzidishwa mara 1. Cheti cha UCE nacho hutiwa katika hesabu. Kwa wenye vyeti vya utaratibu wa zamani, kila somo lenye D1 au D2 huongeza pointi 0.3, kila lenye C3 hadi C6 huongeza 0.2, kila lenye P7 au P8 huongeza 0.1, na F9 haiongezi kitu.

Mfano utaonyesha vizuri zaidi. Wachukuliwe vijana wawili wanaoomba udaktari, ambapo Baiolojia na Kemia ndiyo masomo ya lazima. Wote wawili wamepata A katika Baiolojia na A katika Kemia: hizo ni 18 na 18, jumla 36. Wote wamepata B katika Hisabati, iliyo somo linalohusiana: hizo ni 10, jumla 46. Wakipata na pointi mbili za masomo ya nyongeza, kila mmoja ana 48. Mpaka hapo wako sawa kama vidole vya pacha. Sasa cheti cha kwanza kinaletwa mezani. Mmoja ana masomo manane yenye D1 au D2, naye anaongezewa 2.4, apate 50.4. Mwenzake ana masomo manane yenye C3 hadi C6, naye anaongezewa 1.6, apate 49.6. Tofauti yao ni 0.8 tu.

Mtu ataona kuwa 0.8 ni kitu kidogo, na kwa upande mmoja ni kweli. Kijana akiondoka B akafika A katika Kemia huongeza pointi 3 kwa mara moja, nazo ni zaidi ya kila kitu ambacho masomo manane bora ya UCE yanaweza kumletea. Basi aliyepata alama za wastani mwaka wa nne asidhani kuwa safari imekatika. Bado anayo miaka miwili ambayo uzito wake ni mkubwa zaidi. Lakini kwa upande wa pili, mpaka wa kuingia kozi zinazogombewa hutangazwa kwa pointi na sehemu zake za kumi. Mpaka ukiwa 50, yule wa kwanza ameingia na yule wa pili amebaki nje, ingawa mwaka wa sita walifanya kazi iliyo sawa. Kilichowatenganisha ni mtihani waliofanya zaidi ya miaka miwili nyuma, wakati pengine mmoja wao aliambiwa kuwa hauna haja.

Tena kuna uzito mwingine ambao hauandikwi katika hesabu hizo, nao huenda ukawa ndio mkubwa kuliko wote. Skuli za mwaka wa tano huchagua wanafunzi kwa kutazama UCE. Mwenye alama za juu hupata nafasi katika skuli yenye maabara, maktaba na walimu wa kutosha, na huruhusiwa kuchukua mkusanyiko wa masomo anaoupenda. Mwenye alama hafifu katika Kemia hataruhusiwa kuiendeleza. Kwa hiyo mlango wa udaktari au uhandisi mara nyingi haufungwi Makerere. Hufungwa kimya kimya mwaka wa nne, na mzazi hajui mpaka miaka miwili ipite.

Wako wazazi wenye tamaa ya kuwapeleka watoto wao Uingereza, katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Huko nako habari ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Vijana wa Uingereza hufanya mtihani uitwao GCSE wakiwa na umri wa miaka 16 hivi. Ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na tangu mwaka 2017 alama zake katika nchi ya England zilianza kubadilishwa kutoka herufi kuwa namba, 9 ikiwa ndiyo ya juu. Maombi ya Oxford na Cambridge hupelekwa katikati ya Oktoba, na usaili hufanywa Desemba, ilhali matokeo ya mtihani wa mwisho hutoka Agosti ya mwaka unaofuata. Ndiyo kusema, wakati wa kuchagua, mwombaji wa kawaida hana mkononi matokeo ya mtihani wa taifa ila yale ya miaka 16. Yaliyobaki ni makisio ya walimu, barua ya skuli, mitihani maalumu ya chuo kwa kozi nyingi, na usaili.

Zamani kidogo palikuwa na mtihani wa katikati, uitwao AS, ambao Cambridge iliutegemea sana. Mtihani huo ulipotenganishwa na cheti cha mwisho kuanzia mwaka 2015, skuli nyingi ziliuacha, na matokeo ya miaka 16 yakabaki kuwa ushahidi wa pekee wa mitihani iliyokwisha fanywa. Hata hivyo, Oxford na Cambridge hazikuweka idadi maalumu ya alama za GCSE kuwa sharti la jumla kwa kila mwombaji. Oxford huzitazama alama hizo pamoja na hali ya skuli alikotoka mwombaji: aliyepata alama nzuri katika skuli ambayo wengi hawafaulu hupimwa kwa kukumbuka ugumu huo. Na aliyesoma nchi ambayo mtihani huo haupo hahesabiwi kuwa na kasoro, bali hupimwa kwa vyeti vya kwao na kwa mambo mengine. Kijana wa Uganda basi ajue kuwa UCE yake ndiyo itakayosomwa huko.

Zaidi ya hayo, kama kijana aliugua au alifiwa na mlezi wakati wa mtihani, skuli inayo ruhusa ya kulieleza jambo hilo katika barua yake. Kulinyamaza kwa haya ni kumnyima haki yake. Wanaochagua hawawezi kulifikiria jambo ambalo hawakuambiwa.

Na yule ambaye cheti chake cha kwanza kimeharibika kabisa, naye aambiwe ukweli bila kufokewa. Anaweza kuurudia mtihani. Anaweza kusoma stashahada, kisha akaombea shahada kwa njia hiyo. Na Makerere ina mtihani wa watu wazima, wa waliotimiza umri wa miaka 25. Njia hizi ni ndefu, na wengi huchoka katikati. Lakini ni njia za halali na za heshima, na wamepita humo watu wenye manufaa makubwa kwa nchi.

Sasa yafaa kusemwa maneno machache kwa kila aliye na wajibu.

Wazazi na wajue kwamba kazi huanza mwaka wa kwanza wa sekondari. Mtaala mpya ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Katika utaratibu huo kazi zinazofanywa skulini zina asilimia 20 ya alama za mwisho, na matokeo hutolewa kwa herufi, A hadi E. Kwa hiyo mtoto anayezuiliwa nyumbani siku za soko hapotezi kipindi tu. Hupoteza na sehemu ya cheti chake. Wenye vyeti vipya waulize mapema ofisi ya udahili ya chuo wanachokitaka jinsi herufi hizo zinavyohesabiwa.

Wazazi wa mabinti nao watafakari. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 kwa sababu idadi yao ilikuwa ndogo mno. Pointi hizo ni karibu mara mbili ya ile tofauti ya 0.8 iliyoelezwa. Lakini hazimfai binti aliyetolewa skulini baada ya mwaka wa nne ili aolewe, kwani hatakuwapo siku ya kuongezewa. Aliyefaulu vizuri aachwe asome mpaka mwisho.

Walimu wakuu wayaangalie majina. Mtoto akiandikwa Muhammad katika cheti kimoja na Mohamed katika kingine, au jina la baba likatangulia hapa na likafuatia kule, ataingia katika usumbufu wa viapo na mawakili wakati wenzake wamekwisha kuanza masomo. Dakika tano za kusahihisha siku ya kujiandikisha huokoa miezi.

Na jumuiya, yenye kusherehekea kazi yake kwa kijitabu hiki, iweke daftari la watoto wote wanaoingia mwaka wa nne, ijue nani hajalipiwa ada ya mtihani, na iwaite wanafunzi wa chuo kikuu waje kuwafundisha wadogo zao Hisabati na sayansi wakati wa likizo. Mahafali yenye pilau ni jambo jema. Ada ya mtihani wa yatima mmoja iliyolipwa kwa wakati ni jambo jema zaidi.

Enyi vijana, cheti cha kwanza si mwisho wa safari, wala si karatasi ya kutupwa. Ni shahidi atakayefuatana nanyi kila mlango mtakaoubisha, naye husema yale tu mliyompa ayaseme. Mpeni maneno mazuri wangali mapema walimu wenu wapo, na afya na wakati mnavyo.

Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya elimu yenye manufaa, awalipe kheri wazazi na walimu, na awarehemu waliotangulia kujenga skuli hizi. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.